Kijitabu cha gemu kimekwenda wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Rukwa, na nyingi zinauliza kuhusu vile vijitabu vya maelekezo vilivyokuwa vinakuja ndani ya boksi la gemu. Tumezijibu kadiri zilivyofika.

SWALI: Habari za kazi. Nina banda la gemu hapa Mwanjelwa. Makava ya CD za PS2 niliyonunua mtumba yana kijitabu ndani. Ya PS4 yana karatasi moja, na mengine hayana kitu kabisa. Wateja wanadhani nimevitoa nikaviuza. Je, ni kweli havikuwekwa tangu kiwandani? Na kwa nini?
Mwenye banda, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Ni kweli kaka, havikuwekwa. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ilitangaza kwamba inaacha kuchapa vijitabu kwa gemu zake za PS3 na Xbox 360. Mwaka uliofuata EA, watengenezaji wa FIFA, ikafuata njia hiyohiyo. PS4 ilipotoka mwaka 2013, kava lenye karatasi moja ya tahadhari lilishakuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo kava la PS2 lisilo na kijitabu limepungukiwa, na la PS4 lisilo nacho huenda liko kamili. Fungua kava la PS2 utazame upande wa kushoto: vile vibanio vya plastiki ni vya kushikia kijitabu. Vikiwa vitupu, una haki ya kuomba upunguziwe bei.

Sababu kubwa ni nafasi ya kuhifadhi gemu yenyewe. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yote nzima, ina kilobaiti 40, ndogo mara nyingi kuliko picha moja ya simu yako. Hapakuwa na pa kuandika hadithi, majina ya maadui wala kazi ya kila kitufe, kwa hiyo vyote vikawekwa kwenye karatasi. Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu zaidi. Kaseti ya Combat ya Atari 2600, mashine iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na michezo 27 ndani yake, na kwenye skrini hapakuwa na neno hata moja la kueleza upi ni upi. Unasukuma swichi ya kuchagua, inatokea namba, kisha unaitafuta namba hiyo kwenye jedwali la kijitabu: je, ni vifaru au ndege, risasi zinadunda ukutani au hazidundi. Kijitabu kikipotea, unabaki kubahatisha.

CD zilipoingia na PlayStation mwaka 1994, nafasi ilipanda hadi megabaiti 650 hivi, na gemu ikaweza kujieleza yenyewe kwa sauti na picha. Half-Life ya mwaka 1998 ina uwanja mzima wa mazoezi: kuruka, kuinama, kupanda ngazi, kulenga shabaha. Hapo kijitabu kilianza kukonda. Tena karatasi huchapwa mapema, wakati gemu bado inarekebishwa, na siku hizi marekebisho huendelea hata baada ya CD kufika dukani, kwa hiyo kilichochapwa kinaweza kuwa kimepitwa siku ya kwanza tu. Gharama za kuchapa na kusafirisha zinaeleweka bila maelezo, na anayenunua kwa kupakua hana hata boksi.

Sisi tunaona mafunzo ya ndani ya gemu yanafundisha vidole vizuri kuliko karatasi. Kasoro yake ni kwamba mengi huonyeshwa mara moja tu, mwanzoni. Kwenye banda lako aliyefundishwa ni yule wa kwanza aliyeanzisha gemu. Mteja anayeingia leo anaikuta katikati na hakuna wa kumweleza. Barua inayofuata inahusu hilohilo.

SWALI: Shikamooni. Nataka kubandika maelekezo ya vitufe kwenye banda langu, maana kutwa nzima naulizwa "shuti ni wapi?" Niandike nini, na niandike vipi ili yadumu?
Kijana wa Mafinga

JIBU: Marahaba kijana. Tengeneza karatasi moja ya A4 kwa kila gemu, wala usichanganye gemu mbili kwenye karatasi moja. Ugomvi mwingi wa vitufe mabandani unatokana na gemu za mpira, PES na FIFA, kupishana kwenye vitufe viwili. Kwa mpangilio wa awali, PES ina X pasi fupi, duara pasi ndefu na krosi, mraba shuti, pembetatu pasi ya kupenyeza. FIFA ina X pasi fupi, duara shuti, mraba krosi na pasi ndefu, pembetatu kupenyeza. Aliyezoea PES akifika golini kwenye FIFA anabonyeza mraba, mpira unapaa kama krosi, na anaanza kulaumu pedi. Kwenye kukaba nako wanapishana: kwenye PES duara ni kuteleza chini, kwenye FIFA duara ni kunyang'anya umesimama na kuteleza ni mraba. Mbio ni R1 kwenye PES. Kwenye FIFA za PS3 na PS4 ni R2. Kubadili mchezaji ni L1 kwenye zote mbili.

Sasa tatizo ambalo karatasi peke yake haitalimaliza. FIFA ina mpangilio wa pili kwenye menyu ya vitufe, unaoitwa Alternate, ambao hubadilishana duara na mraba ili mtu wa PES asitaabike. Mteja mmoja akiuweka na kuondoka, anayefuata atakwambia pedi mbovu. Kabla hujampelekea fundi pedi hiyo, ingia kwenye menyu ya vitufe uhakikishe imerudi Classic, yaani mpangilio wa awali. Andika chini ya karatasi yako: "Maelekezo haya ni ya Classic."

Kuhusu maandishi: chora pedi katikati, kisha vuta mistari kutoka kila kitufe hadi kwenye neno. Tumia maneno wanayoyasema wachezaji wenyewe: shuti, krosi, kupenyeza, chenga, kukaba, mbio. Mistari minane inatosha, ikizidi hapo hawasomi. Kama karatasi itakaa ukutani na mchezaji yuko mita moja na nusu au mbili, herufi ziwe za pointi 28 kwenda juu. Pointi 14 husomeka mkononi tu. Chora umbo la kitufe, usitegemee rangi peke yake, kwa kuwa bluu ya X na pinki ya mraba hufifia kwenye mwanga. Steshenari waambie wakuchapie kwa printa ya leza, kwani wino wa maji hutawanyika ukiguswa na unyevu. Kisha fanya laminesheni, na unapokata acha ukingo wa plastiki wa milimita 5 kuzunguka karatasi. Ukikata karibu zaidi, plastiki huachia pembeni, na maji ya kwanza ya kudeki yataingia.

SWALI: Nimepata gemu za zamani za kompyuta kwenye diski za mtumba. Moja inafika mahali inaniomba neno kutoka ukurasa fulani wa kijitabu, na kijitabu sina. Hiyo ni virusi?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Si virusi. Ni kufuli. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 diski ilikuwa rahisi kunakili, lakini mashine za fotokopi hazikuwa kila kona, kwa hiyo kampuni zilifanya kijitabu kuwa ufunguo. Namna ilikuwa nyingi, na nyingine zilifikiriwa kwa ustadi mkubwa. SimCity ya mwaka 1989 ilikuja na karatasi nyekundu iliyokolea yenye orodha ya alama. Macho yanaisoma, lakini fotokopi za wakati ule zilitoa karatasi nyeusi tupu. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuwa na gurudumu la kadibodi lenye visahani viwili: unazungusha mpaka nusu ya juu na nusu ya chini ya uso wa haramia zilingane na picha ya kwenye skrini, kisha unasoma mwaka kwenye kidirisha. Prince of Persia inakuingiza kwenye chumba chenye chupa zilizoandikwa herufi. Unatakiwa kunywa ile yenye herufi ya kwanza ya neno lililotajwa kutoka kwenye kijitabu.

Mbili nyingine zilikuwa sehemu ya hadithi yenyewe. StarTropics ya Nintendo, mwaka 1990, ilikuja na barua ya karatasi. Gemu inapokwambia uiloweshe, ni barua halisi iliyomo kwenye boksi, na maji yanaitoa namba 747. Metal Gear Solid ya mwaka 1998 inakwambia masafa ya redio yako nyuma ya boksi la CD. Watu walizunguka ndani ya gemu wakitafuta boksi, kumbe namba 140.15 imechapwa kwenye picha ndogo nyuma ya kava walilolishika. Aliyenunua CD ya kunakili isiyo na kava lake hakuwa na pa kuiona.

Wewe anza kwa kuangalia kama gemu hiyo inauzwa upya kwenye GOG au Steam, maduka ya gemu ya mtandaoni. Nakala nyingi za huko kufuli hilo limeondolewa, au kijitabu kimewekwa kama faili la PDF. Ukitafuta kijitabu kilichoskaniwa, hakikisha ni cha toleo lako, kwa sababu kurasa za toleo la Ulaya na la Marekani zinaweza zisilingane, na neno la mstari wa tatu likawa jingine kabisa. Usipakue programu ndogo ya "kuvunja" kufuli kutoka tovuti usiyoijua. Hapo ndipo virusi huingilia. PDF inakutosha.

SWALI: Je, vijitabu hivyo vilikuwa sahihi siku zote? 
Mwalimu, Sumbawanga

JIBU: Hapana, mwalimu. Mfano mmoja unajulikana sana. The Legend of Zelda ilianzia Japani mwaka 1986 kwenye Famicom, mashine ambayo pedi yake ya pili ilikuwa na maikrofoni. Kuna adui mwenye masikio makubwa, Pols Voice, aliyekuwa anauawa kwa kupuliza au kupiga kelele kwenye maikrofoni hiyo. Gemu ilipopelekwa Marekani kwa NES, yaani Famicom ya huko, pedi hazikuwa na maikrofoni, lakini kijitabu cha Kiingereza kikaendelea kusema adui huyo anachukia kelele. Watoto wakapiga filimbi ya ndani ya gemu bila mafanikio. Kwenye NES dawa yake ni mshale. Aliyetafsiri maneno hakutafsiri mashine, na kosa la namna hiyo lipo mpaka leo kwenye maelekezo ya vifaa vingi.

SWALI: Nimemnunulia mwanangu PS2 ile nene ya mtumba, imekuja na kitabu cha Kijapani. Fundi aliiwasha dukani kwake ikawaka, nyumbani bado hatujaichomeka. Mtoto anasema kule dukani alipobonyeza X kukubali, gemu ilikuwa inarudi nyuma. Ni mbovu?
Mama, Njombe

JIBU: Mama, usiichomeke ukutani kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma ya mashine. PS2 za Japani zina namba ya SCPH inayoishia na 00, na zile nene zimetengenezwa kwa volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja, fyuzi na kapasita za ndani zinaungua papo hapo, na kuna hatari ya moto. Huenda fundi alitumia transfoma. Nunua ya kushusha kutoka 230 hadi 100, isiyopungua wati 100. Namba zinazoishia na 01 ni za Marekani, nazo ni volti 120. Zinazoishia na 03 (Uingereza) na 04 (Ulaya) zinakubali umeme wa kwetu.

Vitufe ni vizima. Japani duara ndiyo "kubali" na X ndiyo "rudi", na Sony ilikuja kuunganisha dunia nzima kwenye X mwaka 2020, PS5 ilipotoka. Jambo la kuangalia kabla ya kununua CD ni herufi zilizochapwa kwenye CD yenyewe: SLPS, SLPM au SCPS ni za Japani, SLUS au SCUS za Marekani, SLES au SCES za Ulaya. Mashine ya Japani haitasoma CD ya SLES kama haijawekewa chipu.

SWALI: Kurasa za kwanza za vijitabu vya PS2 zinaonya kuhusu kifafa. Gemu inaleta kifafa?
Mzazi, Makambako

JIBU: Haikileti kwa asiyekuwa nacho. Onyo hilo linawahusu watu ambao ubongo wao unashtuliwa na mwanga unaomweka, na wao ni takriban 3 tu katika kila watu 100 wenye kifafa. Baadhi hawajui mpaka siku wanapokutana na mwanga huo. Unaoshtua zaidi ni ule unaomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Kwa hiyo washa taa chumbani, mtoto akae mbali na skrini, apumzike, asicheze akiwa na usingizi. Skrini ikianza kumweka vibaya, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho tu hakutoshi. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Ikipita dakika 5, mpelekeni hospitali. Ukurasa huo umehamia kwenye skrini ya kwanza ya gemu, ambayo watoto huiruka kwa kitufe kimoja. Isome wewe.

SWALI: Ninakusanya vijitabu vya PS1 na PS2. Masika ya huku Tukuyu yanavimaliza: pini zina kutu, kurasa zina ukungu na nyingine zimegandana.
Mkusanyaji, Tukuyu

JIBU: Adui yako ni karatasi yenyewe. Ile inayong'aa imepakwa udongo laini unaogeuka gundi ukilowa, ndiyo maana kurasa zinagandana. Usizifute kwa kitambaa kibichi, na usizibandue kwa nguvu. Zianike kivulini penye upepo. Juani wino unapauka. Zikikauka, toa ukungu kwa brashi laini ya rangi, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua. Pini zenye kutu zitoe: fungua ukurasa wa katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu hadi isimame wima, kisha isukume kutoka nyuma. Shona kwa uzi wa pamba ukipitia matundu yaleyale. Usitumie selotepu, gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Na usifanye laminesheni kwenye kijitabu halisi.

Vihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika jeli, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Usifunike boksi wakati vijitabu bado vina ubichi, utakuwa unafuga ukungu. Halafu skani kila ukurasa kwa dpi 300, au 600 kama maandishi ni madogo sana.

SWALI: Nikipata PDF ya kijitabu, naweza kuchapa kikatoshea kwenye kava?
Msomaji, Uyole

JIBU: Unaweza. Vijitabu vya PS2 vina upana wa sentimita 12 na urefu wa 18 hivi. Vya PS1 ni 12 kwa 12. A4 iliyokunjwa katikati inatoa 14.8 kwa 21, ambayo haiingii kwenye kava, kwa hiyo waambie steshenari wapunguze hadi asilimia 80 hivi na kukata kingo. Chagua uchapaji wa kijitabu, pande mbili, kugeuza kwenye ukingo mfupi. Ukikosea hapo, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: kurasa 32 ni karatasi 8. Zikiwa 30, ongeza mbili tupu mwishoni. Chapa kwanza karatasi moja ya majaribio, ikunje, uipime kwenye kava. Na pakua PDF sehemu yenye Wi-Fi, maana iliyoskaniwa vizuri ni mzigo kwa bando.

SWALI: Ninatengeneza gemu ya simu ya Kiswahili. Niandike kijitabu au niweke mafunzo ndani?
Mwanafunzi wa chuo, Iringa

JIBU: Anza na mafunzo, ila yasiwe ukuta wa maandishi. Chunguza hatua ya kwanza ya Super Mario Bros.: mhusika yuko kushoto akitazama kulia, kwa hiyo unajua pa kwenda. Adui wa kwanza anakuja polepole, unajifunza kuruka. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga, uyoga unatoka, unagonga bomba na kurudi kwako, ili uuguse hata ukiuogopa. Hakuna neno hata moja. Fanya vivyo hivyo: jambo moja kwa wakati mmoja, mahali ambapo kukosea hakuui, kisha mpe nafasi ya kulirudia kabla ya kuongeza la pili.

Mpe gemu mtu asiyeijua, ukae kimya. Usimwelekeze. Andika mahali kidole chake kinaposita. Hapo ndipo pa kurekebisha. Watu watano tofauti watakuonyesha karibu makosa yote makubwa. Weka kitufe cha kuruka mafunzo kwa anayejua, na cha kuyarudia kwa aliyeazima simu ya kaka yake. Sentensi za kwenye skrini zisizidi maneno nane.

Kijitabu chako kiwe ukurasa wa Msaada kwenye menyu, unaofunguka bila intaneti. Huko weka ambayo mafunzo hayawezi kuonyesha kwa mchezo: jinsi ya kusevu na kuhamishia simu nyingine, jinsi ya kurudisha vitufe vya awali, jedwali la pointi, na namba ya toleo la gemu, ili mtu akikuandikia kuwa kuna kitu kimegoma ujue anazungumzia toleo lipi.